Anayefagia Shule Naye Ni Mufanyakazi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wazazi wa watoto wa shule, Lubumbashi)

Ndugu wapenzi, wababa na wamama, na ninyi vijana muliosimama kule nyuma sababu viti havikutosha,

  Hatutasema juu ya kura wala juu ya wakubwa wa Kinshasa. Tutasema juu ya watu wane.

Watu hao munawajua. Wanatumika katika shule moja ya msingi ya hapa mujini, shule ambayo hatutataja jina lake, sababu tunataka kutengeneza jambo, hatutaki kuaibisha nyumba yenye watoto wetu. Wawili ni mazamu wa usiku. Wa tatu ni mama anayefagia kalasi na kusafisha musalani. Wa ine ni binti anayemusaidia mwalimu wa kalasi ya kwanza, kalasi yenye watoto 97. Katika miezi 14 iliyopita watu hawa wamepata mushahara mara tatu, tena nusu nusu. Sasa komite ya wazazi imeandika barua kusema: hakuna makuta, waende. Watoto watafagia wenyewe, tena watasafisha musalani kwa zamu. Walimu watapokezana kulala shuleni. Juu ya yule binti, barua haisemi nani atafanya kazi yake. Inaandika jina lake tu.

Siku ya Mungu inayokuja wazazi watakusanyika kukata shauri. Wengi wa wazazi hao ni ninyi muliokaa hapa. Ndiyo sababu tumewaita.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wako watu wanaosema ile si kazi, ni kukaa tu. Zamu anaingia saa kumi na mbili ya magaribi, anatoka saa kumi na mbili ya asubui. Ni masaa 12. Tena siku saba kwa juma, maana mwizi hana siku ya kupumzika. Hesabuni: masaa 84. Sheria ya kazi ya inchi yetu, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema mufanyakazi asipite masaa 45 kwa juma. Wawili hawa wanalala pale wote pamoja, mumoja upande wa barabara, mumoja upande wa nyuma, ambako ukuta ulianguka na haukujengwa tena. Wanalinda nini? Wanalinda manjanja ya paa, mabanki ya watoto, milango, na mitihani iliyofungwa katika kabati ya direkta. Kila mutu hapa aliyejenga nyumba anajua bei ya manjanja. Shule ikikosa mulinzi mwaka mumoja, mvua ya mwezi wa kumi na moja itanyesha juu ya vichwa vya watoto, na sisi wazazi ndio tutaombwa mchango.

Mama anafika saa kumi na moja na nusu, giza bado. Maji hayako shuleni. Anayachota kwenye kisima cha jirani, ndoo kwa ndoo, akimubembeleza mwenye kisima. Watoto zaidi ya 800 wanatumia musalani yenye milango sita. Anaosha kwa mikono yake, bila viatu vya mupira, na sabuni mara nyingi ni ile aliyonunua mwenyewe. Muji huu unakijua kipindupindu. Kati yetu hapa wako waliozika watu sababu yake. Kwa hiyo musituambie kwamba kazi ya mama yule ni kazi ndogo.

Na binti? Wengine wanasema anakaa na watoto kama yaya. Tulikwenda kuona, tukakaa nyuma ya kalasi asubui mzima. Mwalimu anaandika kwenye ubao mbele. Binti anapita katikati ya mabanki, anashika mukono wa mutoto asiyejua kushika kalamu, anamwonyesha herufi mara ya pili na ya tatu, anatenganisha wawili wanaopigana, anapangusa makamasi, anamupeleka nyumbani mwenye homa. Saa ya kutoka anabaki na daftari 97, yeye nusu, mwalimu nusu. Ana diploma ya serikali ya upande wa ualimu. Mwalimu yule, mutu wa miaka mingi katika kazi, alituambia hivi: «Huyu akiondoka, nitafundisha mistari mitatu ya mbele. Wengine watakuwa wananitazama tu.» Kati ya wale wengine kuna mutoto wako, ndugu.

Sasa musikilize vizuri, maana tunataka kuwakumbusha jambo ambalo vijana hawakuliona.

Siasa katika muji huu ilizaliwa na mushahara. Mwaka 1941, wakati wa vita, bei ya vitu ilipanda na mushahara wa watu weusi wa Union Minière haukutosha tena. Wafanyakazi wakaacha kazi. Walikusanyika katika kiwanja cha mupira hapa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wakaomba kuongezewa. Tarehe 9 Desemba serikali ya Wabeleji iliwajibu kwa risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa ajili yao, aliuawa, pamoja na wengi. Hawakuwa wakidai bendera siku ile. Walidai haki ya jasho lao.

Kisha makarani wakashika neno lile kwa njia ya karatasi. Tangu mwaka 1946 kulikuwa na chama cha wafanyakazi weusi wa serikali kilichoitwa APIC, na neno lake lilikuwa: kazi sawasawa, mushahara sawasawa. Patrice Lumumba, wakati alipokuwa karani wa posta kule Stanleyville, muji tunaoita leo Kisangani, alikuwa musimamizi wa chama hicho pale. Mwaka 1959 Wabeleji walitoa sheria mupya, wakaiita sheria moja kwa wafanyakazi wote wa serikali, weusi na weupe. Neno lilikuwa zuri. Walipofungua buku, Wakongo karibu wote walijikuta katika ngazi za chini kabisa, na ngazi za juu zilibaki kwa wale wale. Wazee walioanzisha vyama vya uhuru walijifunza hapo kwamba sheria nzuri isiyoandika jina lako ni karatasi ya kufungia karanga.

Na katika shule ilikuwa vile vile. Mufundishaji mweusi aliitwa moniteri, akalipwa chini sana ya mwalimu wa Ulaya. Chini yake kulikuwa na moniteri musaidizi, asiye na diploma, aliyebeba muzigo wa shule nyingi za vijiji. Na chini ya huyo walikuwa watoto wenyewe, waliolima shamba la misioni saa ambazo wangeshika kalamu. Wakubwa walisema ni kuwafundisha kupenda kazi. Wazee wetu waliupenda ule wimbo kidogo sana.

Kwa hiyo tukisikia leo kwamba watoto watasafisha musalani ili shule ipunguze gharama, tunaijua harufu yake. Hatusemi mutoto asishike ufagio. Afagie chini ya banki yake, apange viti, ajifunze usafi. Mama yake nyumbani anamufundisha hivyo pia. Lakini kumufukuza mama mwenye kulipwa na kumupa mutoto wa miaka minane kazi yake bure, jambo hilo lina jina lingine, na wazee wetu walilijua jina lile.

Tuulize sasa: kwa nini watu hawa wamekosa mushahara? Hatutaki kudanganyana. Wengi wanasema: ni sababu ya masomo ya bure. Jibu ni refu kidogo.

Karibu na mwaka 1992 na 1993 serikali ya Mobutu ilishindwa kulipa walimu. Shule zilifungwa miezi mingi. Ili zifunguliwe, wazazi walikubali kutoa makuta yao, ile tuliyoita prime. Ilitakiwa kuwa dawa ya muda mufupi. Ikakaa zaidi ya miaka 25. Muzazi maskini akawa ndiye serikali. Kutoka katika makuta yale mwalimu alilipwa, na ofisi za juu zilikula sehemu yao, na mwishoni, kama kitu kilibaki, zamu na mufagiaji walipewa. Hawakuandikwa popote. Direkta alikuwa na daftari ndogo katika mufuko wake, basi.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, ilisema masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Neno lile lililala miaka 13. Mwezi wa Septemba 2019 likaanza kutendeka. Sisi tulifurahi, na tunafurahi bado. Katika Katuba, Kamalondo na Ruashi tuliona wasichana waliokuwa wakiuza maji ya baridi barabarani wakirudi kalasini. Mutu asituletee hapa wimbo wa kurudisha prime. Atakayelipa prime ni yule mwenye kuweza, na atakayefukuzwa ni mutoto wa yule asiyeweza. Tulikwisha kuona filamu ile.

Lakini ilipokatwa prime, serikali iliahidi kulipa wale walio katika buku lake. Buku hilo zamani liliitwa SECOPE, leo linaitwa DINACOPE. Walimu wengi hawakuwamo: ndio wale tunaowaita N.U. na N.P., walimu wapya na walimu wasiolipwa, wanaofundisha miaka na miaka bila kuona kitu. Walimu wana sauti. Wana sendika, wanajua kuandika barua, wanagoma. Mwaka 2024 waligoma, na wengi walidai mushahara wa dola 500. Kidogo kidogo wengine wameingizwa katika buku. Nani amegoma kwa ajili ya mufagiaji? Zamu akigoma usiku mumoja, asubui anadaiwa banki zilizoibiwa. Hana sendika. Hata walimu wenyewe, tuseme ukweli, walipohesabu majina ya wasiolipwa hawakumuhesabu. Mumoja wao alitujibu: «Yule si wa kwetu, yule ni wa komite.» Na komite inasema ni wa serikali. Na serikali haimujui.

Tulisoma sheria, maana hatupendi kupiga kelele mikono mitupu. Kifungu cha 36 cha Katiba kinasema serikali inahakikisha mushahara wa haki, unaotosha mufanyakazi na jamaa yake kuishi kwa heshima ya mutu. Hakikusema mwalimu peke yake, wala mwenye diploma peke yake. Sheria ya kazi ya 2002 inasema inawahusu wafanyakazi wote, hata wale wa kazi za serikali walioingia kwa mapatano ya kazi. Tena inasema jambo moja ambalo tunawaomba mulishike kichwani: mutu anayechukuliwa siku kwa siku, akiisha kutumika siku 22 katika miezi miwili, na akichukuliwa tena, anahesabiwa kama mufanyakazi wa kudumu. Komite inawaita watu wale wane «bajurnalie». Mama yule amefagia shule tangu 2011! Hakuna jurnalie wa miaka mingi namna hiyo. Na kifungu cha 86 cha sheria ile kinasema kwamba kazi ikiwa sawa, na ujuzi ukiwa sawa, na matunda yakiwa sawa, mushahara uwe sawa kwa wote. Ni neno la APIC, limeandikwa sasa kwa mukono wa Wakongo wenyewe.

Tuje kwenye hesabu. Mwaka 2018 serikali iliweka mushahara wa chini kabisa, franka 7.075 kwa siku moja. Kwa siku 26 za kazi inatoa franka 183.950 kwa mwezi. Mwaka 2025 iliupandisha tena, lakini tuchukue hesabu ya zamani ili mutu asiseme tunatia chumvi. Zamu wetu aliahidiwa franka 60.000 kwa mwezi. Haifike hata sehemu moja ya tatu ya hesabu ya zamani. Analala pale usiku 30, ni kusema franka 2.000 kwa usiku. Na hizo ni za ahadi. Zilizoingia mukononi munajua: mara tatu katika miezi 14, nusu nusu. Wenye kununua bunga na makala watamaliza hesabu wenyewe.

Tunajua mutakayojibiwa siku ile. Mumoja atasimama aseme: makuta hayako. Mumuulize kwa heshima, maana ni muzazi kama ninyi: makuta ya kuendesha shule, yale serikali inayoyatuma, yalifika mara ngapi mwaka huu, na yalinunua nini? Tuliona ofisi imepakwa rangi mupya. Tuliona viti vya wageni. Rangi ni nzuri. Lakini buku lisomwe mbele ya wote, mustari kwa mustari, ndipo tujue kama makuta hayako ao kama yalikwenda kwanza mahali pengine. Na kama kweli hayakufika, basi barua isiandikwe kwa zamu kumufukuza. Iandikwe kwa ofisi ya elimu kudai.

Mwingine atasema: hawa hawakusoma, wataka walipwe kama mwalimu? Hapana. Hatukusema hivyo, na mama mufagiaji mwenyewe hakusema hivyo. Mwalimu aliyesoma miaka mingi apate zaidi, tena zaidi sana kuliko anavyopata leo. Tunasema kuna sakafu ambayo mutu wa kazi hawezi kuangushwa chini yake. Ile hoja ya «hawakusoma» ndiyo Mubeleji aliyotumia kwa baba zetu, na alipoona wamesoma alitafuta hoja nyingine.

Na binti wa kalasi ya kwanza, jambo lake ni lingine kidogo. Yeye alisoma. Afaa aandikwe kama mwalimu musaidizi, katika orodha ya walimu wapya, na nambari yake iombwe. Kumuweka pamoja na ufagio katika barua moja ni uvivu wa yule aliyeandika.

Sasa tufike mahali panapouma. Katika komite iliyotia sahihi barua ile, watatu ni wanachama wetu. Wako hapa leo. Hatutawataja, na tunawaomba musiwageukie. Walitia sahihi sababu walikuwa wamechoka kuombwa makuta wasiyokuwa nayo, kila jioni, mulangoni pao. Tunaelewa. Lakini tulipoanza kutayarisha maneno haya, mukongwe mumoja wa chama alituuliza: «Na yule mama anayefagia ofisi yetu hii, alilipwa lini?» Tukatazamana. Ilikuwa miezi mine. Sisi, wenye kusimama chini ya picha ya Lumumba na kuimba haki ya mufanyakazi! Tulikusanya kutoka mifuko yetu, tukamulipa jumamosi iliyopita, yote, na akatia kidole katika buku. Hakusema asante. Alihesabu tu, akaweka katika kitambaa, akaenda. Alifanya vizuri, asante ya nini? Kama tusingefanya vile, tusingethubutu kusimama hapa leo, na kama kuna mutu kati yenu mwenye kijana wa kazi nyumbani ambaye hajalipwa, yeye naye anajua la kufanya kabla ya siku ya Mungu.

Shauri letu ni hili. Mukatae ile barua, kwa kura ya mikono, na kura iandikwe. Mushike neno kwamba makuta ya kuendesha shule, kila yanapofika, yalipe kwanza mazamu na mufagiaji, kisha chaki, kisha vitu vingine, na rangi iwe ya mwisho kabisa. Hayatatosha kulipa sheria yote, tunajua. Yale yanayobaki yaandikwe kama deni, kwa tarehe na kwa hesabu, na deni lile lipelekwe pamoja na majina yao kwenye ofisi ya elimu na kwa inspekta wa kazi. Mutaambiwa kwamba barua kama hizo zinalala katika makabati. Ni kweli, nyingi zimelala. Kwa hiyo haitapelekwa na mutu mumoja, itapelekwa na wazazi 30 wenye kusimama mulangoni, na nakala itapigwa muhuri mbele yao. Na walimu wa shule ile tunawaomba, watakapopeleka tena orodha ya wasiolipwa, majina yale wane yawe ndani. Sendika isiyojua jina la zamu wa shule yake, ni sendika ya namna gani?

Wamama, tunawaomba ninyi zaidi. Mikutano hii inaanza na wamama 40 na inakwisha na wanaume kumi, sababu mumekwenda kupika, na kura inapigwa saa ile. Mara hii mubaki. Wanaume wenu watakula bukari ya baridi siku moja, hawatakufa.

Mukutano wa wazazi ni siku ya Mungu, saa tisa ya muchana, katika kalasi ya sita ya shule ile. Mufike saa nane, maana komite imezoea kuanza mbele ya saa wakati haitaki watu. Wenye kujua kuandika wakuje na daftari na kalamu. Tutakaa na wale wane chini ya muembe, tutaandika kwa kila mumoja mwaka aliyoanza kazi, aliyemuingiza, mushahara aliyoahidiwa, na tarehe ya mwisho aliyopata kitu mukononi. Mama mufagiaji hajui kusoma. Mutu amusomee yaliyoandikwa, mara mbili, kabla hajatia kidole.